Giza la Desemba, mrehani na ndoa yangu

  

Mwezi huu naomba tuachane kidogo na habari za wivu, mawifi na meseji za saa saba usiku. Nataka niwasimulie jinsi mrehani mmoja wa dukani ulivyotaka kunivunjia ndoa. Usicheke. Wewe uliye Sinza au Mikocheni, feni inazunguka juu ya kichwa na jasho linakutiririka, utasema mwenzetu sasa kaishiwa mada. Lakini najua wapo wengi wanaosoma ukurasa huu wakiwa kwenye baridi kama mimi, na wengine wana mchumba, mume au dada aliyeko huku. Habari hii inawahusu wote.

Mimi naishi Hannover, Ujerumani. Nilimfuata mume wangu hapa Aprili 2022, yeye akiwa ameshaanza kazi ya uhandisi. Nyumbani kwetu ni Muheza, mkoani Tanga, chini kabisa ya milima ya Usambara. Kwetu mtu hajifunzi bustani, anazaliwa nayo. Ukitupa mbegu ya papai uani, mwakani unachuma. Kwa hiyo nilipofika huku kwenye nyumba ya ghorofa ya tatu, vyumba viwili na hakuna hata kibaraza, kitu cha kwanza nilichotafuta baada ya unga wa ugali kilikuwa ardhi.

Wajerumani wana viploti vyao vya bustani, vimepangwa pembezoni mwa mji kama vitongoji, kila kimoja na kibanda chake na uzio wake. Kukipata ni kazi, foleni ni ndefu. Bahati nzuri bibi mmoja, jirani yetu wa ghorofa ya chini, alikuwa na kiploti chake lakini magoti yalishachoka. Majira ya kuchipua ya 2023 akaniambia, "Lima nusu, nusu niachie mimi na mawaridi yangu." Weeh! Kiangazi kile nilikuwa malkia. Mchicha, majani ya maboga, nyanya, hata bamia chache. Jua linazama karibu saa nne usiku, tunakula nje, mume wangu anageuza mishikaki, mimi nacheka. Nikajiambia, kumbe Ulaya tamu hivi!

Halafu ikaja Oktoba.

KIPUPWE SI HIKI

Huku Oktoba ikiisha, maji ya kwenye viploti hufungwa ili mabomba yasipasuke kwa barafu. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa hurudishwa nyuma, na jioni inakatwa kama kwa kisu. Ikifika Desemba, hapa Hannover jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na dakika kumi jioni limeshazama. Hiyo ni siku ambayo limeamua kuonekana. Siku nyingi hulioni, unaona tu kitu cha kijivu kama maji ya kuoshea sufuria.

Sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa Ikweta tumezoea saa kumi na mbili za mwanga, mwaka mzima. Kipupwe cha kwetu unavaa sweta, unaota jua saa tatu, maisha yanaendelea. Mwili haujawahi kufundishwa kwamba jua linaweza kuondoka likakuacha.

Majira yangu ya kwanza ya baridi niliyapita kwa ushamba, samahani kwa lugha. Theluji ilikuwa ya kupigia picha. Ya pili, mwishoni mwa 2023 kuingia 2024, ndiyo yaliyonikamata. Nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, nashika hesabu za kampuni moja ndogo kwenye kompyuta. Mume wangu anaondoka saa kumi na mbili asubuhi gizani, anarudi saa kumi na moja jioni gizani. Mimi nalala saa kumi na moja mfululizo na bado naamka nimechoka kama niliyebeba magunia. Nakula wanga tu, ugali, mkate, chokoleti, halafu mkate tena. Simu ya mama ikiita naitazama mpaka inyamaze.

Siku moja nikaipokea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekwenda chini hivyo? Unaumwa?"

"Baridi tu, mama."

"Baridi ndiyo ya kukuliza? Vaa sweta mbili."

Ningemwelezaje? Nilikuwa nimevaa tatu.

Na chumbani je? Tuseme ukweli maana hii safu haina aibu. Tendo la ndoa likawa kama kufunga hesabu za mwisho wa mwaka, linaahirishwa kila siku mpaka mtu anasahau lilikuwa deni la nani. Mume wangu akinigusa bega, navuta blanketi. Usiku mmoja akaniuliza gizani, taratibu kabisa, "Kuna mtu mwingine?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi umejuta kuja." Hilo sikulijibu, kwa sababu sikuwa na uhakika. Jamani, ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko usiku wenyewe.

SIKU MREHANI ULIPOKUFA

Sasa tuje kwenye mrehani. Supamaketi za huku huuza mrehani mbichi kwenye kichungu cha plastiki, kwa ajili ya tambi na nyanya. Haunuki sawasawa na wa kwetu, lakini ukisugua jani ukafumba macho, unafika. Mtoto wa Tanga akinusa mrehani anakumbuka vikuba, harusi, bibi akipita na khanga mpya. Nilinunua mmoja mwanzoni mwa Desemba nikauweka kwenye ukingo wa dirisha la sebuleni. Ndani ya wiki tatu zile, kitu pekee nilichokuwa nakifanya kwa hiari yangu kilikuwa kuumwagia maji na kuunusa.

Kuna desturi moja lazima niieleze. Nyumba za huku zimezibwa sana, hewa haipiti, ukuta unashika ukungu. Kwa hiyo kila asubuhi, hata baridi iwe kali namna gani, watu hufungua madirisha wazi kwa dakika tano au kumi, hewa ibadilike, kisha wanafunga. Madirisha yenyewe hufungukia ndani, kwa hiyo kilicho ukingoni lazima kihamishwe kwanza.

Asubuhi moja ya Januari 2024, nje nyuzi kadhaa chini ya sifuri, mume wangu akautoa mrehani ukingoni, akauweka kwenye kiti palepale chini ya dirisha, akafungua. Simu ikaita, alikuwa anachelewa treni, akatoka mbio. Dirisha likabaki wazi. Mimi nilikuwa nimelala mlango umefungwa. Nilipoamka saa nne, sebule ilikuwa friji na mrehani wangu ulikuwa mweusi, umelala kama mboga iliyopitiwa na maji ya moto.

Nikamtumia meseji: "Umeua mrehani wangu."

Akajibu: "Pole mke wangu, nimesahau. Nitanunua mwingine, si euro mbili tu?"

Jioni aliponikuta bado nalia, uvumilivu ukamwishia. "Miezi miwili unaniongelesha maneno matatu kwa siku," akasema. "Leo unalia saa nane kwa ajili ya jani?"

Nikamjibu bila kufikiri: "Hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa hai humu ndani."

Alikuwa bado hajavua koti. Akanitazama, kisha akauliza, "Na mimi je?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alikwenda jikoni akakaa na koti lake mwilini, na mimi nikabaki sebuleni na kichungu changu. Ndoa nyingi hazifi kwa fumanizi, ndugu zangu. Zinakufa hivi, mtu mmoja jikoni na mwingine sebuleni.

JINA KWENYE KIBANDIKO

Kesho yake akarudi na mfuko wa karatasi. "Mrehani haukuwepo," akasema. "Nimekuta hili. Soma jina kwanza, halafu uendelee kununa."

Kilikuwa kichungu kidogo, majani mazito yenye vinyweleo kama mahameli, na katikati maua ya zambarau yenye kitovu cha njano. Kwenye kibandiko pameandikwa neno refu la Kijerumani: Usambaraveilchen. Nikalisoma mara mbili. Usambara! Nikapasuka kucheka. Yaani mimi mtoto wa Muheza nimevuka bahari kuja kuuziwa ua la Usambara kwenye supamaketi ya Hannover, karibu na rafu ya jibini! Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu Novemba. Mume wangu naye akacheka, tena kwa ahueni zaidi kuliko mzaha.

Usiku ule tukakaa kwenye kochi moja, tunasoma habari za ua. Kumbe mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta kwenye misitu yetu akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Na huyo Wendland alikuwa akifanya kazi wapi? Kwenye bustani za Herrenhausen, hapahapa Hannover, vituo vichache vya tramu kutoka kwangu! Mwaka 2015 wanasayansi walilihamishia kwenye kundi la Streptocarpus, lakini dukani bado ni ua la Usambara. Wajerumani wanalipenda, Wamarekani wanalifanyia mashindano, na kule kwetu linapoota lenyewe, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu kama ile ya upande wa Amani, makazi yake yanapungua kadiri misitu inavyokatwa. Mimi nimepita njia zile utotoni mara ngapi? Sikuwahi kuinama nikalitazama.

Mume wangu akasema kitu ambacho sijakisahau. "Huyu naye ni mtu wa Tanga, na anachanua hapa Januari. Lazima kuna kitu anapewa ambacho wewe hupewi. Twende kwa daktari tukaulize."

Alishaniomba mara mbili kabla ya hapo, nikagoma. Safari hii nikakubali.

DAKTARI ALISEMA NINI

Alinisikiliza, akaagiza vipimo vya damu, kisha akanieleza taratibu. Huzuni hii ya majira ya baridi ina jina na ina tiba. Mwaka 1984 Dk. Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani ndio walioieleza kitaalamu na kuipa jina. Rosenthal mwenyewe alitoka Johannesburg, Afrika Kusini, akahamia New York mwaka 1976, na akajiona anavyonywea kila baridi ikiingia. Nilipoambiwa hivyo nilijisikia ahueni ya ajabu. Kumbe si uvivu, si kukosa shukrani, wala si kurogwa na mawifi!

Kwa maelezo yake, mwanga wa asubuhi unaoingia machoni ndio unaouambia ubongo kwamba kumekucha. Usipoupata, saa ya mwili inapotea njia, usingizi unavurugika, hamu ya wanga inapanda na moyo unashuka. Na mwanga wa ndani hautoshi. Sebule yenye taa mara nyingi ina luksi mia chache tu, wakati nje, hata siku ya mawingu mazito, ni maelfu. Macho yetu yanadanganyika kwa sababu yanazoea.

Alinishauri mambo manne. Taa maalumu ya mwanga mkali wa luksi 10,000, nusu saa kila asubuhi. Kutembea nje mchana, hata kama kuna mawingu. Vidonge vya vitamini D, kwa sababu kipimo kilionyesha imeshuka. Huku kaskazini jua la baridi halitoshi ngozi kuitengeneza, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Na la nne, nirudi baada ya wiki tatu, tuone kama nahitaji pia mtu wa kuongea naye au dawa. Akaniuliza kama nina tatizo la macho, au kama nimewahi kuwa na vipindi vya furaha iliyopitiliza na kukosa usingizi, maana taa hizo si za kila mtu. Kwa hiyo usikimbilie kununua bila kuuliza.

Nikamuuliza, na mimea je? Akatabasamu. "Haitakuponya. Lakini kama ndiyo inayokutoa kitandani, nunua mingi."

DIRISHA LA KUSINI

Hapo ndipo maisha yalipoanza kubadilika, na si kwa muujiza. Ua la Usambara linataka mwanga mwingi lakini si jua kali la moja kwa moja. Kwa baridi ya huku, dirisha la kusini ndilo lenye mwanga wa maana, na ukisogea mita mbili tu kutoka dirishani mwanga umeshapungua mno. Nikalihamisha. Nilipoinuka nikaangalia meza yangu ya kazi ilipo: kona ya ndani kabisa, nimeupa ukuta uso. Yaani ua nimelitafutia mwanga, mimi nimejiweka stoo! Jioni ile tukabeba meza wote wawili tukaiweka palepale dirishani.

Mume wangu akanunua taa ya LED ya kukuzia mimea, akaiunganisha na saa ya kuwashia yenyewe. Saa moja asubuhi sebule inawaka. Mlango wa chumbani tukaanza kuuacha wazi. Mwanzoni niliamka kwa hasira. Halafu nikaanza kuamka ili nione kama kuna chipukizi. Navuta pazia kwa ajili ya ua, nawasha ile taa ya daktari, nakaa na chai mbele yake huku nagusa udongo kwa kidole. Siku nyingine hicho ndicho kitu pekee nilichokimaliza. Lakini nilikuwa nimeshaoga mwanga nusu saa.

Nisikudanganye, haikuwa mteremko. Februari nilikuwa na wiki moja mbaya sana, sikuvua nguo za kulalia siku nne. Wiki hiyo mume wangu ndiye aliyemwagilia, na alimwagilia kwa mapenzi yote ya mwanaume mwenye hatia, maji mpaka yakafurika. Tukapata vijidudu vyeusi kama usubi vinaruka mpaka kwenye supu. Tulicheka, tukaacha udongo ukauke juu, vikaisha.

Tulipokuwa tunakausha vile vichungu akaniambia, "Nilidhani nikizidisha maswali utafunguka." Nikamwambia, "Na mimi nilidhani nikinyamaza nitakuepusha na mzigo." Hapo ndipo tulipoanza kuongea vizuri. Sasa tuna utaratibu. Haniulizi tena "una nini wewe?" Ananiuliza, "Leo umetoka nje?" Swali dogo, linajibika. Nikisema sijatoka, anavaa koti lake upya hata kama amechoka, tunakwenda kuzunguka mtaa. Jumamosi mchana tunakwenda Berggarten, sehemu ya zile bustani za Herrenhausen, kwenye nyumba za vioo zenye okidi. Ukiingia miwani inashika mvuke, unanusa udongo wenye joto, unasema, eeh Mungu wangu, Muheza! Na chumbani? Mambo yamerudi barabarani. Naishia hapo.

KAMA UNATAKA KUANZA

Wengi mtaniuliza, nipande nini? Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuua kwanza.

Anza na mmea usiokufa. Kuna mmoja wenye vijani vinene vinavyong'aa, umepangika kama unyoya. Wataalamu wanauita Zamioculcas, Wajerumani wanauita unyoya wa bahati, na asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki mpaka kusini. Unavumilia kona yenye mwanga hafifu na kusahauliwa wiki tatu. Unachokichukia ni maji mengi. Wangu wa kwanza niliuozesha.

Ua la Usambara linyweshwe kwa chini. Weka maji ya uvuguvugu kwenye kisahani, subiri nusu saa, mwaga yaliyobaki. Maji baridi yakidondokea majani yanaacha mabaka. Joto la nyuzi 18 hadi 24 linalitosha, yaani sebule ya kawaida.

Panda kitu cha kusubiri. Katikati ya Novemba nunua kitunguu cha amarilisi, kipande nusu ndani ya udongo na nusu nje. Kwa kawaida hutoa maua makubwa baada ya wiki 6 hadi 8, yaani karibu na mwaka mpya, wakati moyo uko chini kabisa. Mtu mwenye huzuni anahitaji tarehe ya mbele.

Panda kitu cha kunusa. Mchaichai wa duka la Waasia ukiutia kwenye glasi ya maji mara nyingi unatoa mizizi. Mrehani nao unawezekana, lakini kwa baridi ya huku bila taa ya kukuzia unarefuka na kunyong'onyea kama mwenye nyumba.

Punguza maji na mbolea. Mwanga ukiwa mdogo mmea unakunywa kidogo. Tia kidole kwenye udongo kabla ya kumwaga. Mbolea ngoja Machi.

Angalia hita na dirisha. Hita zikikausha ncha za majani, weka sahani ya kokoto na maji chini ya vichungu. Na ukifungua dirisha asubuhi, peleka mimea chumba kingine. Hili nimelilipia gharama.

Usinunue kwa uongo. Wauzaji hupenda kusema mimea inasafisha hewa ya nyumba nzima. Utafiti maarufu wa NASA wa mwaka 1989 ulifanywa kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa, si sebuleni kwako. Nunua kwa sababu utaupenda, basi.

Na la mwisho, tena zito kuliko yote: ukiona huamki kabisa, au mawazo ya kutaka kufa yanakupitia, usisubiri ua lichanue. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo.

KWA WEWE ULIYE NYUMBANI

Kama mpenzi wako yuko Ulaya au Marekani Kaskazini, na kila ikifika Novemba anakuwa mkavu, meseji fupi, simu hapokei, sauti ya chini, najua shoga zako watakwambia nini. "Huyo amepata mzungu." Inawezekana, sikatai, dunia hii ina mambo. Lakini kabla hujapaki hasira zako, muulize swali moja: "Leo umeona jua?" Usimuulize kwa kejeli. Muulize kama unavyomuuliza mgonjwa kama amekula. Unaweza kukuta mtu anayekupenda sana yuko peke yake gizani na hajui hata kulieleza.

Na wewe uliye kwenye giza lenyewe, mwambie mwenzako mapema, Oktoba, kabla hujazama. Ukishazama maneno yanakuwa mazito. Mimi ningesema mapema, pengine nisingemfanya mwanaume mzima akae jikoni na koti, akijiuliza kama yeye naye ni kiumbe hai.

Lile ua la kwanza bado lipo. Ukikata jani moja lenye kikonyo, ukalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa linatoa mizizi, kisha watoto. Sasa nina vichungu sita. Kimoja nilimpa bibi wa kiploti, anasema kimemchanulia kuliko mawaridi yake. Kingine mume wangu amekipeleka kazini kwake, kipo karibu na kompyuta, na wenzake wakiuliza anawaambia, "Huyu ni shemeji yangu, ametoka Tanga."

Haya, tukutane mwezi ujao panapo majaaliwa. Kama kuna mtu umekuwa ukimnunia wiki hii, mpigie leo. Na fungua pazia kwanza.